Teksi za Anga Nyanda za Juu Kusini: Hesabu za Mtaji na Ajira ya Urubani

WAFANYABIASHARA wa Mbeya na Iringa wamekuwa wakizungumzia kwa muda mrefu uwezekano wa kuwa na ndege ndogo za kukodi, zile zinazoitwa teksi za anga, ambazo zingemchukua mteja wakati anaoutaka yeye badala ya ule uliopangwa na shirika. Wapo walio tayari kuchangishana mtaji. Wapo pia wazazi wa Makambako, Mafinga na Tukuyu wanaofikiria kuuza shamba la miti au la chai ili mtoto asomee urubani, wakiamini kwamba biashara hiyo ikishamiri kazi itakuwa nje nje.

Somo la wiki hii linachambua biashara hiyo inavyofanya kazi, mahali inapopata fedha, mahali inapozipoteza, na kijana mwenye leseni mpya anavyoweza kutazamia. Matumaini si mabaya. Lakini waswahili wanasema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na katika biashara ya anga ni vema mahesabu yakaanza asubuhi ile ile.

Ndege ndogo za jeti: ahadi ya Marekani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilizuka wimbi kubwa nchini Marekani la kile kilichoitwa jeti nyepesi sana. Hizi ni ndege zenye injini mbili ndogo za jeti, uzito wa kurukia usiozidi takriban kilo 4,500, na viti vya abiria wanne au watano. Wabunifu wake waliahidi kwamba zingekuwa za bei nafuu, zingeweza kurushwa na rubani mmoja, na zingetua kwenye viwanja vidogo ambavyo mashirika makubwa hayavigusi.

Kampuni iliyovuma zaidi ni Eclipse Aviation ya Albuquerque, jimbo la New Mexico. Iliahidi ndege ya Eclipse 500 kwa bei ya chini ya dola milioni moja za Kimarekani. Kampuni ya Cessna nayo ilileta Citation Mustang, na Embraer ya Brazil ikaleta Phenom 100. Eclipse 500 na Mustang zote zilipata vibali vya Marekani mwezi Septemba 2006. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilikadiria wakati huo kwamba ifikapo mwaka 2017 kungekuwa na jeti za namna hiyo karibu 5,000.

Juu ya ahadi hiyo ilijengwa ahadi nyingine. Mwaka 2007 kampuni ya DayJet, iliyoanzishwa na Ed Iacobucci, mtu aliyekwisha kupata mafanikio katika biashara ya programu za kompyuta, ilianza kuuza kiti kimoja kimoja katika ndege za Eclipse kati ya miji ya kati ya Florida kama Boca Raton, Gainesville, Lakeland, Pensacola na Tallahassee. Abiria hakulazimika kukodi ndege nzima. Alisema anataka kufika wapi na kabla ya saa ngapi, kompyuta ikapanga. Aliyekuwa tayari kusogeza muda wake alilipa nauli ndogo, na asiye na subira alilipa kubwa. Kwa mtazamo wa somo la masoko, ulikuwa ubunifu wa hali ya juu.

Septemba 2008, chini ya mwaka mmoja tangu kuanza, DayJet ilisimamisha safari zote. Ilikuwa na ndege 28 tu, wakati mpango wake ulihitaji nyingi zaidi ili abiria na viti vikutane. Mtaji wa kufika huko haukupatikana, kwa kuwa masoko ya fedha duniani yalikuwa yakiporomoka. Miezi miwili baadaye Eclipse Aviation nayo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Bei ya ndege yake ilikuwa imekwisha panda hadi zaidi ya dola milioni 2, na ndege zilizokuwa zimekabidhiwa kwa wateja zilikuwa takriban 260. Mustang, iliyofanya vizuri zaidi, ilitengenezwa chini ya ndege 500 hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 2017.

Mwekezaji anapaswa kujiuliza kilichoharibika ni nini. Ndege ziliruka na wateja walikuwapo. Tatizo lilikuwa idadi: mpango ulifanya hesabu kwa mamia ya ndege na mamia ya maelfu ya abiria, na gharama zikaanza kulipwa kabla idadi hiyo haijafika. Wimbi la leo la teksi za anga zinazotumia umeme limeanza kuonyesha dalili zile zile. Mwishoni mwa 2024 kampuni mbili za Ujerumani zilizokuwa mstari wa mbele, Lilium na Volocopter, zote ziliingia katika taratibu za ufilisi.

Mbeya ilikuwa kituo tangu 1932

Nyanda za Juu Kusini si wageni wa usafiri wa anga. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia yake ya kwenda Cape Town, ndege zilitoka Nairobi, zikapita Moshi na Dodoma, zikatua Mbeya, kisha zikaendelea Mpika na Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe nchini Zambia. Ndege za wakati huo hazikuweza kwenda mbali bila kuongeza mafuta, kwa hiyo Mbeya ilikuwa ya lazima. Ilikuwa pia enzi ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya.

Mwaka 1937 shirika hilo lilihamia kwenye ndege za kutua majini na njia kuu ikafuata pwani. Mbeya ikaachwa kando. Uwanja ulibaki pale pale na wateja walibaki, lakini aina ya ndege ilibadilika, na aina mpya haikuuhitaji mji huo. Mwenye kuweka fedha kwenye njia ya ndege anapaswa kuikumbuka habari hii, kwa sababu imejirudia kwa sura nyingine katika kizazi hiki.

Desemba 2012 Uwanja wa Songwe ulifunguliwa, zaidi ya kilomita 20 magharibi ya jiji la Mbeya, ukiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Uwanja wa zamani uliokuwa mjini haukuweza kupokea ndege kubwa. Mwaka 2013 fastjet, iliyokuwa imeanza safari za ndani ya nchi Novemba 2012 kwa nauli za kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi, iliongeza Mbeya katika njia zake kwa ndege aina ya Airbus A319. Watu ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege walipanda. Mwishoni mwa 2018 fastjet Tanzania ilisimama, ikiwa na madeni. Air Tanzania, iliyokuwa imefufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za pangaboi aina ya Q400 zenye viti 76, ndiyo iliyochukua nafasi kubwa ya soko hilo.

Kwa teksi ya anga, maana ya historia hii ni moja. Songwe ikiwa na ndege kubwa zenye nauli ya kiti kimoja kimoja, ndege ndogo haiwezi kushindana kwa bei. Itabidi iuze kitu kingine.

Wateja ni nani hasa

Uchambuzi wa mahitaji ya mikoa hii unaonyesha makundi manne ambayo ndege ndogo inaweza kuyahudumia.

Kundi la kwanza ni watalii wa kusini. Hifadhi ya Ruaha, iliyofikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000 ilipounganishwa na bonde la Usangu mwaka 2008, hufikiwa na wageni wengi kwa ndege zinazotua kwenye viwanja vya changarawe kama Msembe. Kampuni kama Auric Air na Safari Airlink zinajulikana kwa kazi hii, zikitumia Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya pangaboi inayobeba abiria kati ya tisa na kumi na wawili kutegemea viti vilivyopangwa na mizigo. Hili ndilo soko lililo hai. Tatizo lake ni msimu: kilele ni Juni hadi Oktoba, na masika yakiingia kambi nyingi hufungwa wakati mkopo wa ndege unaendelea kudai.

Kundi la pili ni wenye shughuli zisizosubiri, yaani wakandarasi, wakaguzi wa benki, mafundi wa mitambo ya viwanda vya karatasi na chai vya Mufindi, na wanunuzi wa dhahabu tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, likiwamo la Chunya. Kwao siku moja iliyopotea barabarani inaweza kugharimu kuliko tiketi. Basi la Dar es Salaam hadi Iringa, umbali wa takriban kilomita 500, linakula siku nzima na mlima Kitonga ukiwa na foleni ya malori, na hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ni saa kumi na mbili au zaidi.

Kundi la tatu ni wagonjwa. AMREF Flying Doctors ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1957, imeonyesha namna ya kuifanya huduma hii ijilipie kwa sehemu: watu na taasisi hulipa ada ya uanachama kwa mwaka, na anayeugua huchukuliwa. Fedha huingia kabla ndege haijaruka. Hiyo ni tofauti kubwa na teksi inayongoja simu ilie.

Kundi la nne ni serikali, miradi na mashirika ya dini. Hawa hulipa vizuri lakini hutegemea bajeti. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliokuwa na dola milioni 150 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa mwaka 2017, uliwapa wengi wa Iringa sababu ya kupanga hoteli na magari. Mwaka 2024 Benki ilisitisha utoaji wa fedha, na baadaye mwaka huo huo ufadhili ukafutwa. Aliyekopa akitegemea mradi peke yake alijikuta na deni bila mradi.

Msomaji atauliza kuhusu parachichi za Rungwe na Njombe, viazi vya Uyole au mchele wa Kyela. Jibu ni kwamba mizigo hiyo ni mizito na thamani yake kwa kilo ni ndogo. Ndege ya viti kumi na mbili haibebi hata tani mbili. Mzigo wa anga ni ule ambao kilo moja ina thamani kubwa kuliko nauli yake, kama dhahabu, dawa, vipuri na nyaraka.

Kwa nini pangaboi na si jeti

Anayependekeza jeti ndogo kwa mikoa hii hana budi kujibu maswali mawili ya kiufundi ambayo yana uzito wa kifedha.

La kwanza ni uwanja. Jeti nyingi ndogo zimeidhinishwa kwa viwanja vya lami tu, kwa kuwa kokoto huharibu injini na tumbo la ndege. Zitatua Songwe na Nduli, lakini haziwezi kutua Msembe, mahali ambapo mtalii mwenye dola anakwenda. Caravan inatua kote.

La pili ni mwinuko. Uwanja wa Nduli uko mita 1,400 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto huifanya kuwa nyepesi zaidi. Mchana wa nyuzi 25, ndege inayoruka Nduli hujiona kama iko zaidi ya mita 2,000 juu. Mbawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupata hewa kidogo, kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi au mzigo mwepesi zaidi. Jeti ambayo kitabu chake kinasema inahitaji mita 950 pwani haitaruka kwa mita hizo Iringa. Rubani atapunguza mafuta au abiria, na kila abiria anayeachwa ni nauli iliyoachwa.

Faida ya jeti ni mwendo. Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700 kwa anga. Caravan itatumia saa mbili na nusu hivi, Mustang saa moja na robo. Lakini Mustang inabeba abiria wanne. Lazima wapatikane watu wanne ambao wako tayari kulipa nauli kubwa mara kadhaa ili waokoe saa moja na robo, na wapatikane kila siku. Ndani ya ndege ya Air Tanzania, safari hiyo hiyo haizidi sana muda wa jeti.

Hesabu yenyewe

Mfano ufuatao ni wa kufundishia. Tarakimu zake zimetungwa ili zieleweke kirahisi, na anayetaka kuwekeza aweke za kwake.

Kampuni ina Caravan moja ya viti 12. Gharama za kudumu, ambazo hulipwa ndege iruke isiruke, ni Sh milioni 90 kwa mwezi: mkopo au kodi ya ndege, bima, mishahara ya marubani na mafundi, ofisi na vibali. Gharama zinazobadilika, yaani mafuta, akiba ya matengenezo ya injini na kadhalika, ni Sh milioni 1.5 kwa kila saa ya kuruka.

Iringa hadi Dar es Salaam na kurudi ni saa tatu, sawa na Sh milioni 4.5. Ongeza laki tano za ada za viwanja, jumla ni Sh milioni 5. Nauli ni Sh 300,000 kwa kwenda au kurudi.

Ndege ikijaa kwenda na kurudi, viti 24 vinaingiza Sh milioni 7.2. Baki ni Sh milioni 2.2. Ili kulipa zile milioni 90 zinahitajika safari 41 kwa mwezi, zote zikiwa zimejaa. Ndege ikijaa nusu, viti 12 vinaingiza Sh milioni 3.6, na kampuni imepoteza Sh milioni 1.4 kabla hata ya kugusa gharama za kudumu. Kwa nauli hiyo inahitaji viti 17 kati ya 24 ili kulipa safari peke yake. Kwa viti 20, ambayo ni hali nzuri, baki ni milioni moja, na safari zinazohitajika ni 90 kwa mwezi, sawa na tatu kila siku bila Jumapili, bila mvua na bila matengenezo. Hiyo haiwezekani kwa ndege moja.

Ikipandisha nauli hadi Sh 350,000 na kubaki na viti 20, baki ni milioni 2 na safari zinazohitajika ni 45. Hapo pana biashara, mradi abiria wasikimbie bei.

Sasa tazama kukodisha ndege nzima. Ikiruka saa 60 kwa mwezi, kila saa inabeba Sh milioni 1.5 ya gharama za kudumu na milioni 1.5 nyingine zinazobadilika, jumla milioni 3. Safari ya saa tatu ni milioni 9 kabla ya ada za viwanja, au milioni moja kwa kila mtu wakiwa tisa. Ikiruka saa 120, gharama ya saa inashuka hadi Sh milioni 2.25, safari inakuwa Sh milioni 6.75, na kila mmoja wa tisa analipa Sh 750,000. Ndege ni ile ile na rubani ni yule yule. Kilichobadilika ni saa. Katika biashara hii saa za kuruka kwa mwezi ndizo zinazoamua maisha ya kampuni, na ndicho DayJet ilichokosa.

Kuna jambo la nne ambalo wafanyabiashara wa mipakani kama Tunduma watalielewa upesi. Nauli ya ndani hulipwa kwa shilingi, lakini ndege, vipuri na bima hulipwa kwa dola. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa takriban Sh 1,600. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka Sh 2,600. Aliyekopa kwa dola na kuuza kwa shilingi aliona deni likikua bila kuongeza hata kiti kimoja. Mtalii anayelipwa bei ya dola ni kinga, na ndiyo sababu kampuni nyingi ndogo hung'ang'ania hifadhi.

Matengenezo nayo yasisahauliwe. Hata shirika la taifa lilitangaza mwaka 2022 kwamba baadhi ya ndege zake mpya za Airbus A220 zimesimama kwa matatizo ya injini yaliyozikumba kampuni nyingine duniani. Mwenye ndege kumi akipoteza moja anapunguza ratiba. Mwenye ndege moja akiipoteza amefunga duka.

Ajira: bonde la saa 1,300

Njia ya urubani ina ngazi zinazoeleweka. Leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa takriban saa 200 za kuruka, pamoja na mitihani na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inahitaji saa 1,500. Kati ya hapo pana bonde la saa 1,300, na wengi wa wanaotoka vyuoni hukwama humo.

Ada ya mafunzo ni makumi ya maelfu ya dola. Zipo njia za kuipunguza. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ina mfuko wa mafunzo ambao umewadhamini vijana, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) cha Mabibo, Dar es Salaam, kimejenga mafunzo ya anga chini ya mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia. Mzazi aanze kubisha hodi huko kabla ya kuuza msitu.

Baada ya leseni, anayeajiri wa kwanza kwa kawaida ni kampuni ya ndege ndogo. Kijana huanza kama rubani msaidizi wa Caravan. Akiruka saa 60 kwa mwezi atamaliza bonde lile kwa muda wa karibu miaka miwili. Akipata saa 20 tu kwa mwezi, atachukua zaidi ya miaka mitano. Kwa hiyo anapopewa barua ya kazi swali lake la kwanza liwe saa, na mshahara ufuate. Kwa bahati nzuri hilo ni swali lile lile analouliza mwekezaji: kampuni yenye saa nyingi ni nzuri kwa wote wawili.

Kanuni za usalama huweka ukomo wa saa za rubani, kwa kawaida karibu 100 kwa mwezi na kati ya 900 na 1,000 kwa mwaka. Ndege moja yenye kazi nyingi huhitaji marubani wanne hadi sita. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba hata kama Mbeya na Iringa zingepata Caravan tano mpya, nafasi za urubani zisingefika arobaini. Jeti ndogo zingeongeza chache mno, na bima zake hudai rubani mwenye saa nyingi, si kijana mpya.

Nafasi zilizo pana zaidi ni zile zisizoimbwa: mafundi wa ndege wenye leseni, waratibu wa safari, wauzaji wa tiketi, wahudumu wa mizigo na madereva wa Nduli na Songwe. Fundi mwenye leseni hutafutwa na kila kampuni, na mafunzo yake ni nafuu kuliko ya rubani.

Mwenye kampuni naye ana hasara yake hapa. Rubani akishapata saa huondoka kwenda shirika kubwa, na gharama za kumwandaa huondoka naye. Mkataba wa muda maalumu ni sehemu ya mtaji.

Mwekezaji mdogo ashike wapi

Asiyeweza kununua ndege anaweza kununua hisa. Precision Air ni mfano ulio wazi kwa sababu ilianza hasa kama teksi ya anga. Marehemu Michael Shirima aliianzisha mwaka 1991 Arusha kwa ndege moja ya viti vitano aina ya Piper Aztec, ikikodishwa kwa watalii na wafanyabiashara. Safari za ratiba zilikuja mwaka 1993, na mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49. Mwishoni mwa 2011 iliuza hisa kwa umma kwa Sh 475 na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2013 ilitangaza hasara ya zaidi ya Sh bilioni 30, na bei ya hisa ikaja kushuka chini ya ile ya kuuzia. Kampuni ilikua kwa miaka ishirini kwa hatua fupi fupi, ikaumia ilipoongeza ndege kuliko soko.

Swissport Tanzania, iliyokuwa DAHACO na ambayo imeorodheshwa tangu 2003, hairushi ndege bali huhudumia mizigo na abiria viwanjani. Kwa miaka mingi iliwalipa wanahisa gawio wakati mashirika yenyewe yakipata hasara, mpaka ushindani na janga la UVIKO-19 mwaka 2020 vilipoibana. Wa Chunya wanaijua kanuni hiyo: anayeuza sururu hulipwa hata na mchimbaji asiyepata kitu.

Kwa wale wanaotaka kuanzisha kampuni yao wenyewe, majibu ya maswali haya yawe kwenye karatasi kabla ya fedha kutoka mfukoni:

1. Ni saa ngapi kwa mwezi zimekwisha kuahidiwa kwa mkataba, na si kwa mdomo?
2. Kati ya Novemba na Mei ndege itafanya kazi gani?
3. Sehemu gani ya mapato ni ya dola, na je, inatosha kulipa deni la dola?
4. Kampuni ina leseni ya huduma na cheti cha uendeshaji kutoka TCAA, au itatumia cha mwingine?
5. Ndege ikisimama siku thelathini, nani atalipa mishahara?
6. Shirika kubwa likiongeza safari za Songwe au Nduli, ni wateja gani watabaki?

Kikundi chenye majibu ya maswali manne ya kwanza kinaweza kuanza bila kununua ndege, kwa kukodi saa kutoka kampuni iliyopo na kuziuza kwa hoteli, viwanda na hospitali za mikoa hii. Mtaji wake ni simu, vitabu vya hesabu na uaminifu. Miezi kumi na miwili ya kazi hiyo itaonyesha kama saa 100 za kweli zipo. Zikiwapo, benki itasikiliza. Zisipokuwapo, shamba la miti litakuwa bado linakua Mafinga, na mwenyewe atakuwa nalo.